Santuri Iliyozibwa kwa Nta

Chai ilikuwa imepoa zamani na Eddie bado anaikoroga.

Mkewe, Warigia, alimtazama kutoka kwenye cherehani yake pale sebuleni. Kijiko kilizunguka na kuzunguka, mwendo ule ule, hakiongezi wala hakipunguzi, na kila kilipomaliza duara kiligonga kikombe mahali pamoja. Tak. Sukari ilikuwa vijiko viwili tu, na hiyo hata mtoto wa nasari huikoroga mara tano ikaisha.

"Baba Kui, unatafuta nini humo? Samaki?"

Eddie alicheka kidogo, akaweka kijiko kando. Dakika haikupita, kidole chake kikaanza kuzunguka juu ya kitambaa cha meza.

Ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja za jioni, Kiganjo, Thika, na Warigia hakulifanya kuwa jambo kubwa. Mwanamume wa miaka arobaini na saba hakosi vituko, na wake alikuwa na kimoja kikubwa kuliko vyote: muziki wa metal, ule wa magitaa yanayonguruma kama posho mill iliyomeza jiwe, na mwimbaji analia kama aliyebanwa vidole na mlango. Eddie alikuwa fundi wa mageti huko Ruiru. Wiki nzima anagonga chuma, anakata chuma, anachomelea chuma, halafu Jumapili anakuja nyumbani kusikiliza chuma kikiimba. Warigia alikuwa ameolewa ndani ya kelele hiyo miaka ishirini na mmoja. Ukiolewa kwa mfuga nyuki, utaumwa.

Mwenzake katika ugonjwa huo alikuwa Mutisya, muuza nyaya na taa za umeme Ruiru, ambaye kila Jumapili alikuja na gari lake la Probox na santuri mbili tatu kwapani. Walikaa karibu na mashine ya kuchezea santuri kama wazee karibu na moto, na hadithi yao ilikuwa moja tu, ya ule mwaka CD zilipofika Thika.

"Unakumbuka ile ya kwanza?" Mutisya angesema. "Mzee wa duka ameifungia kwa kabati ya kioo kama dawa ya sumu."

"Tulinawa mikono ndiyo tuishike."

"Wewe ulinawa. Mimi niliilamba."

Wangecheka mpaka wakohoe. Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Mwezi ule ule, vijana hao wawili walibeba santuri zao zote, thelathini na nane, ndani ya magunia, wakampelekea mtu aliyekuwa akizilainisha kwa maji moto na kuzikunja ziwe vyungu vya maua. Walirudi na CD tatu. Ishirini kati ya zile santuri Eddie alikuwa ameachiwa na mjomba wake marehemu. Miaka iliyofuata CD zikakwaruzika, zikafa moja moja, na mahali fulani Thika mtu alikuwa anamwagilia maua ndani ya urithi wa Eddie. Tangu hapo hakuweza kuona santuri chafu akapita. Angeiokota hata ikiwa imefunika shimo la choo, aioshe, aipanguse, aibembeleze. Mtoto wake mwenyewe, Kui, aliyekuwa shule ya bweni, hakuwahi kuoshwa na baba yake hivyo.

Sasa, Jumapili hiyo Mutisya alikuwa ameleta sanduku kutoka Gatuanyaga. Huko alikutana na mkulima mmoja, Munyao, akilia kwamba ndege wanamaliza mtama wake. Mutisya alimpa CD arobaini zilizokufa azitundike kwa kamba shambani, zimetamete, ndege wakimbie. Munyao naye akamtolea sanduku la santuri lililokuwa ghalani kwa nyanya yake. Hakumwuliza nyanya. Watoto wa siku hizi hawaulizi.

Chini kabisa ya sanduku palikuwa na santuri ndogo, ya wimbo mmoja kila upande, haina jina wala karatasi. Upande mmoja ulikuwa umejaa kitu cha kahawia mpaka mifereji haionekani.

"Hii ni nta ya nyuki," Mutisya alisema akiinusa. "Mtu ameizibia makusudi."

"Makusudi ya nini?"

"Kwani mimi ni nabii?"

Mtu mwingine yeyote angejiuliza: anayeziba kitu, anazuia nini? Lakini wapenda santuri wana kichaa chao. Waliitia kwenye friji, kando ya maziwa ya Warigia, nta ikakauka na kubanduka kama ukoko. Kilichobaki ndani ya mifereji walikimwagia gundi nyeupe ya mbao, wakaanika juani. Hiyo ndiyo njia yao. Gundi ikikauka huibandua yote kwa mara moja, kama ngozi ya nyoka, na uchafu wa miaka hutoka nayo. Eddie alipoivuta ile ngozi ya gundi, harufu ilijaa sebule. Haikuwa ya nta. Ilikuwa ya ngozi mbichi ya mbuzi, iliyotoka kuchunwa. Warigia alifungua dirisha akidhani ni jirani.

Mutisya akatoka kwenda getini kununua mutura, ule utumbo wa kuchoma. Eddie akavaa visikizio, akateremsha sindano.

Mutisya aliporudi, mwenzake alikuwa anavua visikizio polepole.

"Ni ngoma, buda," Eddie alisema kwa sauti ya chini. "Wamama wa Kikamba na ngoma ndefu. Nzito kuliko kitu chochote tulicho nacho. Lakini inakatika. Inapanda, inapanda, na pale pale inapofika, inakatika."

"Weka nisikie."

"Hapana. Imetosha."

Miaka thelathini hakuwahi kumnyima Mutisya wimbo. Alivuta kikombe cha chai, akaanza kukoroga.

*

Jumatatu asubuhi Warigia alimkuta akizunguka meza ya sebuleni. Hakuwa anakimbia wala kujikokota. Alitembea tu, bega la kulia likielekea meza, na kila alipofika kwenye kona ya kabati ulimi wake uligonga ndani ya kinywa. Tak.

"Baba Kui, hauendi kazi?"

"Naenda," alisema, akapita. Alipozunguka tena alisema, "Naenda." Na tena. "Naenda."

Jioni alikuwa bado anaenda.

Jumanne walimpeleka hospitali. Daktari alimchoma sindano ya usingizi ambayo ingelaza ng'ombe. Eddie akawa anazunguka kitanda macho yamefumbwa. Kurudi nyumbani, Warigia na Mutisya walimfunga kitini kwa kamba ya nailoni, na kwa muda akatulia, na Warigia akamshukuru Mungu, mpaka aliposogea kumpa uji akaona kwamba kilichotulia ni mwili tu, kwani mboni za macho yake zilikuwa zinazunguka ndani ya kichwa, zote mbili pamoja, taratibu, zikigusa juu, kulia, chini, kushoto, zikigusa juu tena, na kila zilipogusa juu ulimi unagonga. Alimfungua yeye mwenyewe kwa mkasi wake wa kushonea.

Mchungaji alikuja. Aliomba kwa nguvu, akashika kichwa cha Eddie na kulazimika kutembea naye, mzunguko baada ya mzunguko, jasho likimtoka. Katikati ya maombi Warigia aliuona mguu wa mchungaji ukianza kugonga sakafu, pale pale ulimi wa Eddie unapogonga. Mchungaji naye aliuona. Alisema amina kabla ya wakati wake, akakumbuka ana mkutano Ruiru.

Baada ya hapo Warigia alifanya kile ambacho mwanamke mwenye akili angefanya tangu mwanzo, au ndivyo alivyodhani. Aliichukua ile santuri, akaivunja kwa nyundo, akavitia vipande kwenye jiko la makaa nje. Moshi mweusi ulipanda na harufu ya ngozi mbichi ikajaa ploti nzima hata majirani wakatoka. Ndani, Eddie alipiga yowe moja, la mwanamke mzee, kisha akaongeza mwendo.

Santuri ilikuwa imekwisha. Ngoma ilikuwa imebaki bila nyumba nyingine ila yeye.

Jumatano miguu yake ilipasuka. Warigia alitembea nyuma yake na kitambaa akipangusa damu sakafuni, akimtia maji kwa kijiko kila alipopita kochi, nusu yanaingia, nusu yanamwagika, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alimsihi kitu. "Eddie, simama kidogo tu. Simama nikuvalishe soksi." Mashavu ya mume wake yalikuwa yameingia ndani kama ya maiti. Alimpita. Machozi yalikuwa yanamtoka. Kwa hiyo alikuwa humo ndani, anasikia.

Alimpigia Mutisya simu. "Hiyo kitu uliitoa wapi? Na usinidanganye, Mutisya, nitakuja hapo Ruiru nikukate na mkasi."

"Gatuanyaga, shemeji."

"Basi kesho tunairudisha na mwenye kuibeba."

*

Alhamisi saa nne asubuhi Probox iliingia bomani kwa Munyao, vumbi likiifuata. Shamba la mtama lilikuwa linametameta CD arobaini juani. Walipomfungulia Eddie mlango alishuka, akaliona ghala, akaanza kulizunguka.

Bikizee mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta pojo. Alimtazama Eddie akizunguka ghala mara moja, mara mbili. Ungo ukamtoka mikononi.

"Nani ameiosha?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote.

Jina lake lilikuwa Nzilani, nyanya ya Munyao. Mutisya alimsalimu kwa Kikamba, kichwa chini. Bikizee alimgeukia Warigia, akauliza kwa Kiswahili, "Siku ya ngapi?"

"Ya tano, cucu."

"Mume wangu Kaloki alifika ya sita."

Aliwaambia kwa maneno machache, kama mtu anayetema mbegu. Mwaka wa sabini na nne Kaloki alikuwa kibarua Nairobi, mahali wanapotengeneza santuri. Alitaka kumfurahisha mama yake, mkuu wa kilumi, ngoma ile ya wanawake wazee ya kuwateremshia watu mapepo yao. Akamleta Mzungu na mashine ya kunasa sauti. Kilumi hakina saa. Kinapigwa mpaka yule aliyeitwa ashuke, acheze, ashibe, aende. Lakini upande wa santuri ni dakika tatu na nusu. Pepo alikuwa ndiyo anashuka, mguu mmoja hapa mwingine kule, Mzungu akainua mkono: imejaa, nyamazeni. Wakanyamaza kwa adabu ya mgeni.

"Wakamfungia mlangoni," Nzilani alisema. "Hayuko ndani, hayuko nje. Kaloki alipoletewa santuri yake aliicheza pale. Hapo ulipokanyaga."

"Na mama yake hakumaliza ngoma?" Warigia aliuliza.

"Aliimaliza. Mbona asiimalize? Lakini huyu si wa kufukuzwa, mwiitu, binti yangu. Amechoka kusimama. Anataka kukaa, na anakaa kwa mwanamke tu. Mwanamume hana mahali pa kumweka, ndiyo sababu anamzungusha. Mama mkwe alikuwa na pepo wake tayari, na wawili hawalali kitanda kimoja." Aliokota ungo wake chini. "Mimi ndiye niliyeulizwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ngoma ikafika mahali pake, nikasema hapana."

Nyuma ya ghala ulimi uligonga. Tak.

"Basi sema ndiyo leo," Warigia alisema. Aliona aibu, lakini hakurudisha maneno.

"Haulizi mara mbili. Ningekuwa nimeshamchukua miaka hamsini iliyopita, usiku wa matanga ya Kaloki. Nilimwita mpaka sauti ikakauka." Bikizee aliinuka kwa shida. "Nikafuata alichoniachia mama mkwe: kuiziba. Kila mwaka naongeza nta. Mjukuu akaitoa kwa ajili ya ndege. Sasa atakuuliza wewe."

"Atakaa nami vipi huyo? Mimi ni shemasi kanisani."

"Na mimi nimeokoka miaka thelathini na mmoja."

"Na ngoma ya kilumi, aliyeokoka ataitoa wapi?"

"Iko chini ya kitanda," Nzilani alisema. "Nilijua kuna mjinga atakuja." Kisha akalainisha sauti kidogo. "Utamchezea wakati wa mavuno. Siku zingine atakuwa yeye. Siku zingine utakuwa wewe."

"Zangu zitakuwa ngapi?"

"Sijui. Nilimkataa."

Eddie alianguka. Walimsikia. Walipofika nyuma ya ghala alikuwa chini kifudifudi, na bado anazunguka, akijisukuma kwa kiwiko na goti mavumbini, na nyayo zake hazikuwa nyayo tena.

"Shemeji," Mutisya alilia. "Aki shemeji, mimi ndiye niliyeileta."

"Nyamaza. Kalete hiyo ngoma."

*

Wanawake wawili wazee wa jirani waliitwa. Walikuja na vitambaa vya kanisa vichwani, wakavivua, wakavikunja vizuri, wakavificha chini ya kigoda ili visione. Ngoma ilikuwa ndefu kama mtoto wa miaka kumi. Nzilani aliiweka katikati ya miguu, akaiinamia, akaigusa mara moja, na Eddie pale chini akatulia kama mtu aliyeitwa jina.

Kisha akapiga. Jua lilikuwa utosini, kuku walikuwa wakidonoa pojo zilizomwagika, hapakuwa na giza lolote la kusingizia hofu, na Warigia aliyetumia maisha yake kulalamikia kelele alijua kwa mara ya kwanza ngoma ni nini, kwamba haiingii masikioni bali inapanda kutoka kwenye udongo kupitia visigino, ikishika magoti, ikishika nyonga, ikipanda, ikipanda, wazee wale wakiitikia kwa sauti kavu, harufu ya ngozi mbichi ikizidi ingawa ngozi ya ngoma ile ilikuwa kuukuu na nyeusi kwa mafuta, na mume wake akiinuka kutoka mavumbini, si kwa nguvu zake, bali kama nguo inavyoinuliwa na mkono, akasimama, akafunua kinywa, na hatua kwa hatua wakakaribia mahali ambapo santuri hukatika, Warigia akapajua pale pahali kabla hawajapafika kama unavyoijua ngazi gizani, akataka kukimbia, akatazama Probox, akatazama barabara, akamwona Nzilani akimtazama bila kupepesa, na ngoma ikapavuka.

Ilipavuka, na ikaendelea.

Kitu kilisimama mbele yake. Hakikuwa na sura. Kilikuwa kama mtu aliyesimama mlangoni na jua mgongoni, na kilikuwa kimechoka. Hakikuuliza kwa maneno. Warigia alitazama miguu ya Eddie.

"Ngai, nisamehe," alinong'ona. "Ndiyo. Kaa."

Eddie alianguka kama gunia lililokatwa kamba.

Ngoma ilinyamaza. Mutisya alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimgeuza, akaweka sikio kifuani, akaanza kucheka na kulia pamoja. "Anapumua! Amelala, shemeji. Anakoroma!"

Alilala hapo kivulini mpaka saa tisa. Wazee walimwosha miguu kwa maji ya chumvi hakushtuka. Warigia alikaa kando, amempakata kichwa. Alijipima kama mtu aliyeanguka anavyopima mifupa. Mkono, upo. Jina la binti yake, Kui, lipo. Zaburi aliyosoma Jumapili, ipo. Akajiambia labda huyo mgeni ni mdogo. Labda atakaa pembeni.

Eddie alifumbua macho. Yalitulia. Aliangalia anga, akaangalia CD zikizunguka mtamani, akayahamisha macho haraka, akampata mke wake.

"Mama Kui," alisema, sauti imekauka. "Nilikuwa nakuona. Siku zote. Nilikuwa nakuona na kitambaa." Alitafuta mkono wake, akaushika. "Twende nyumbani."

Warigia alitaka kusema, twende. Alikuwa nalo mdomoni. Alitaka pia kumwambia kwamba ile mashine yake ataiuza kabla hata hajavua viatu. Alifunua kinywa, na maneno yaliyotoka yalikuwa ya Kikamba, mengi, mepesi, ya mtu aliyezaliwa nacho. Na Warigia hakuwa na Kikamba hata cha kununulia maembe.

Nzilani aliinua mikono yote miwili, akakunja magoti kidogo kama anayempokea mkubwa wake. Wazee wenzake wakafanya vivyo hivyo.

Eddie aliwatazama, akamtazama rafiki yake. "Mutisya. Amesema nini?"

Mutisya alikuwa amerudi nyuma hatua mbili.

"Buda," alisema polepole, "anauliza wewe ni nani. Anasema umwachie mkono."